Hodi Katikati ya Mchezo

Baba yangu alishindwa michezo mingi ya sataranji kwa sababu ya salamu. Sisemi kwa fumbo. Kumbukumbu zake za mtandaoni bado zipo, na ukizifungua utamwona anavyoanza vizuri, anamzidi mwenzake kete mbili tatu, halafu ghafla kimya. Saa yake inatembea mpaka inakwisha, yeye hajagusa kitu. Kompyuta inaandika kwamba ameishiwa muda. Haiandiki kwamba kuna mtu alipiga hodi getini, na kwamba baba yangu hakuwahi kumwambia mgeni asubiri.

Kwa asiyeujua mchezo huu wa haraka, nieleze kidogo. Kila mchezaji hupewa dakika chache kwa mchezo mzima. Zamu yako ikifika saa yako inatembea. Ukishacheza inasimama, ya mwenzako inaanza. Dakika zikikuishia umeshindwa, hata kama jeshi lako lote lingali limesimama. Mashindano aliyocheza baba yalikuwa kila Jumamosi alasiri, wachezaji wakitoka mikoa mbalimbali, wengi wao wanafunzi wa vyuo ambao wangeweza kuwa wajukuu zake. Kompyuta ndiyo iliyopanga nani akutane na nani.

Wanafunzi hao hawakumnyima usingizi. Kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye baba alitaka kumshinda. Huyo alikuwa rafiki yake wa miaka mingi, mwalimu mstaafu kama yeye, aliyerudi kwao Kondoa baada ya kustaafu. Walifundisha shule moja, baba hesabu na mwenzake jiografia, na ni huyo mwenzake aliyemfundisha sataranji kwenye chumba cha walimu, wengine wakisahihisha madaftari. Mimi nilimwita baba mkubwa. Wao waliitana Mgogo na Mrangi, na hawakuchoka kutaniana. Kete ile inayokwenda mshazari baba aliiita askofu, kwa kuwa alikuwa Mwanglikana tangu kuzaliwa. Baba mkubwa, ambaye hakosi swala msikitini, aliiita tembo. "Leo tembo wangu kamkanyaga askofu wako," alikuwa akimwambia kwenye simu, na baba alicheka mpaka akakohoa.

Wakicheza kwa raha zao, baba alimfunga mara mojamoja. Kwenye mashindano, mbele za watu, hakuwahi. Hilo ndilo alilolitaka kabla hajafa, na alilisema hivyohivyo bila haya, kama mzazi mwingine anavyosema anataka kuiona harusi ya binti yake. Harusi yangu alikuwa amekwisha kuikatia tamaa.

Jumapili tukitoka kanisani tulichambua michezo ya jana yake. Ilikuwa desturi yetu tangu mama alipofariki, chai ya maziwa katikati, kompyuta yangu ya zamani juu ya meza ya sebuleni, yeye na miwani yake, mimi na mdomo wangu. Baba alitaka tuchague mchezo mmoja wenye mafunzo. Mashine inapitia kila hatua, inakuonyesha ulipokosea na ambacho ungecheza, na pembeni ya kila hatua inaonyesha muda uliotumika. Muda ndio ulionipandisha hasira.

"Hapa, baba. Hapa kuna farasi wa bure, mtu anakupa mkononi. Ulikuwa unafikiria nini muda wote huu?"

Akasogea karibu na skrini, akaitazama ile hatua kama picha ya ukoo.

"Aa, hapo alikuja mama wa mashine ya kusaga. Mumewe amelazwa."

"Si ungemwambia akae kidogo, umalizie?"

"Mtu ana mgonjwa hospitali, nimwambie akae kidogo?"

Mimi nafanya kazi katika ofisi ya serikali, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwaambia watu wakae kidogo. Ni mtu wa haraka mimi, sikatai. Nilimwambia nitabandika karatasi getini kila Jumamosi, iseme mwenye nyumba anarudi jioni. Baba hakupandisha sauti. Alisema nyumba ambayo mtu anasoma karatasi kabla hajasalimiwa hiyo ni ofisi, na ofisi nilikuwa nayo yangu.

Basi Jumamosi moja nikaamua kulinda mlango mwenyewe. Nilikaa barazani na sinia la mchele, nachambua. Akaja mzee wa ukoo wetu, ametoka kuuza mahindi Kibaigwa, anapitia kutujulia hali. Nikamwamkia kwa sauti ya chini, nikampa kiti na maji. Nikamwambia baba yupo, ana shughuli kidogo. Mzee akasema hamna shida, akakaa, akanywa maji yake kwa utulivu kabisa. Kisha akakohoa. Kikohozi kimoja tu, na ndani nikasikia kiti kinasukumwa nyuma. "Mbukwenyi!" baba akaitikia kutoka sebuleni, maana kikohozi cha ndugu yake alikijua.

Salamu ya Kigogo si ya kupita njia. Unaulizwa wewe, wa nyumbani, watoto, ng'ombe, mvua imefika wapi, njiani umeacha nini. Na ukimaliza kujibu, na wewe unaanza kuuliza. Walipofika kwenye mbuzi, dakika za baba zilikuwa zimekwisha. Na aliyekuwa upande wa pili siku hiyo alikuwa baba mkubwa, naye baba alikuwa anaongoza. Nililia kwa hasira. Baba akanishangaa, akasema ni kete tu za mbao, na hapo hata za mbao hazikuwa.

Kati yao wawili jambo hili lilikuwa na utaratibu wake. Baba akinyamaza katikati ya mchezo, baba mkubwa alielewa kule Kondoa kwamba kwetu Makole, Dodoma, kumebishwa hodi. Mgeni akishaondoka, baba alimpigia simu kumwambia alikuwa nani. Na hiyo ndiyo simu pekee niliyopata kuona wazee hao wakiianza bila salamu. Baba mkubwa alipokea na swali moja kwa moja: "Haya, nani kaja?" Baba akamtajia, akamweleza na habari zake zote, na mara nyingi baba mkubwa akamjua mtu huyo au ndugu yake. Waliweza kumaliza nusu saa juu ya mgeni, wakausahau mchezo.

Mwaka jana baba alilazwa kwa ajili ya moyo. Alirudi amepungua, shati la kanisani likawa linamning'inia, na daktari akatuambia presha yake haitabiriki. Nilidhani ataacha mashindano. Badala yake alianza kujiandaa mapema, kufikia saa nane ameshakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kompyuta imefunguliwa. Hakulisema tena lile neno la kabla sijafa, kwa sababu sasa lilikuwa karibu mno. Nililiona kwa namna alivyoshusha mabega kila mara kompyuta ilipompangia kijana wa chuo badala ya rafiki yake.

Kisha ikatokea ile ya asali. Kompyuta iliwakutanisha, baba akacheza kama nilivyokuwa sijawahi kumwona. Jumapili yake mashine ilithibitisha: mpaka katikati alikuwa hajakosea hata hatua moja. Katikati hapo ikapigwa hodi. Alikuwa kijana mgeni kabisa, ameshuka kwenye basi, amebeba kidumu cha asali ya nyuki wadogo. Baba akainuka, akamkaribisha, akauliza ya kwao, akampa chai, na mchezo ukaenda na maji. Alipopiga simu na kuulizwa nani kaja, alikuwa anacheka hata kabla ya kujibu.

"Mgeni wako wewe!" akasema. "Uliyemtuma na asali!"

Nilikuwa nimekaa pembeni. Kisha nikasikia sauti ya baba mkubwa, ndogo, anaomba radhi. Alikuwa amemtuma kijana wa jirani yake alete asali ya mgonjwa, asijue atafika saa hiyo. Baba akamwambia aache upuuzi, asali ni nzuri sana. Lakini baba mkubwa alirudiarudia kwamba ameshinda kwa mgeni aliyemtuma yeye mwenyewe, na kwamba jambo hilo ni la aibu kwa mtu mzima.

Jumamosi ya mwisho ya baba nilikwenda sokoni Majengo kununua mboga. Nilimwacha na chai yake, amevaa sweta ingawa hapakuwa na baridi. Niliporudi nilimwita kutoka getini, hakuitika. Nikamkuta kwenye kiti, kidevu kifuani, miwani imeteleza. Nikadhani amesinzia. Nikaangalia skrini kabla sijamwangalia yeye vizuri, na skrini ilikuwa imeandika kwamba ameshinda. Nikasoma jina la aliyejitoa. Alikuwa baba mkubwa.

Nilifurahi. Lazima niliseme, maana ndivyo ilivyokuwa: jambo la kwanza nililohisi siku baba yangu alipokufa lilikuwa furaha. Nilipiga makofi pale na mfuko wa nyanya bado uko mkononi. "Baba, umemfunga!" nikasema. Kisha nikamgusa bega.

Daktari alisema moyo ulisimama ghafla na kwamba asingeweza kusikia maumivu marefu. Nilishukuru kuambiwa hivyo. Majirani walikuja, wakafunga turubai, wanawake wakashika jiko. Nilikuwa nimempigia baba mkubwa jioni ileile, kwa simu ya baba, kwa kuwa namba yake ilikuwa humo. Alifika kesho yake na basi la kwanza, akakaa na wazee kwenye viti vya nje, na watu walipomuuliza kuhusu mchezo ule, maana nilikuwa nimekwisha kuusimulia kwa kila aliyekuja, alijibu kwa maneno machache. "Alinifunga," akasema. "Alinifunga vizuri."

Neno hilo likazunguka msiba mzima. Mchungaji alilitaja kwenye mahubiri, kwamba mzee wetu alivimaliza vita akiwa mshindi, na watu waliolia wakatabasamu. Shangazi zangu, ambao hawajui farasi wa sataranji anaelekea wapi, waliwaambia wageni kwamba kaka yao alikufa ameshinda. Na mimi kila nilipozidiwa nilijiambia: lakini alimfunga. Lilikuwa kama blanketi, na nililivuta mpaka kichwani.

Tulipokwisha kuanua matanga na ndugu kurudi makwao, nyumba ikabaki na mimi. Jumapili ikafika. Nikapika chai nyingi kupita kiasi, kwa mazoea, nikafungua kompyuta. Nilitaka kuuchambua mchezo ule kama tulivyochambua yote. Nilitaka kuiona hatua aliyomfungia rafiki yake, niijue kwa moyo.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Katikati baba alikuwa amepata ngome ya bure, na kitunda chake, kile kiaskari kidogo cha mbele, kilikuwa kimebakiza nyumba moja tu kigeuke malkia. Mtu yeyote anayeangalia angesema huyu ameshinda. Lakini mashine haikusema hivyo. Baba mkubwa alikuwa amecheza farasi, hatua ya kimyakimya ambayo hata mimi niliipita bila kuiona, na baada ya hapo hakuna kitu ambacho baba angecheza kikamwokoa. Mfalme wake alikuwa pembeni, amebanwa na watu wake mwenyewe. Malkia wa baba mkubwa angejitoa mhanga, ngome ya baba ingelazimika kumla, na farasi angemfunga mfalme palepale, hana pa kwenda. Nikarudia. Nikaipa mashine muda zaidi, nikaisubiri kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo. Jibu lilikuwa lilelile.

Nikaangalia muda. Hatua zote za baba zilikuwa za sekunde chache. Baada ya yule farasi hakukuwa na hatua tena. Saa ya baba ilitembea, ikatembea, na ilipokaribia kabisa kuisha, baba mkubwa akajitoa kwenye mchezo alioushinda.

Nilikasirika kwanza. Niliwaza kwamba baba mkubwa ametudanganya wote, mpaka mchungaji. Jumamosi iliyofuata nikapanda basi la Kondoa nikiwa na kompyuta kwenye begi, kama mtu anayekwenda kudai haki yake.

Baba mkubwa alinipokea mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza safari, kazi, shangazi zangu mmojammoja, jirani wa mashine ya kusaga na mumewe. Nilijibu yote. Mke wake akaleta chai na vitumbua, akakaa nasi kidogo akimlilia baba, kisha akatuacha. Ndipo nikamwambia nimekuja kuhusu mchezo.

"Alinifunga, mwanangu," akasema. "Kitunda kile kilikuwa kinaingia. Nilikuwa nimekwisha."

Sikubishana naye. Nikaomba sataranji yake, ile ya mbao waliyokuwa wakichezea chumba cha walimu, nikaipanga kama ilivyokuwa kwenye skrini. Nikasukuma kitunda cha baba mpaka nyumba ya mwisho. "Cheza, baba mkubwa," nikamwambia.

Alikaa akiutazama ubao. Mikono yake ilikuwa magotini na niliona hataki kuitoa. Kisha akamchukua malkia wake, akamweka pembeni mwa mfalme, aliwe. Nikamla kwa ngome. Akamwinua farasi, akamshusha mahali pake taratibu, na mfalme wa baba akawa amefungwa. Ilikuwa hivyohivyo mashine ilivyosema.

"Uliiona," nikasema.

"Niliiona zamani. Mimi ndiye niliyemfundisha baba yako kufunga hivyo."

"Sasa kwa nini ulijitoa?"

Akavua miwani. Akaniambia kwamba baada ya ile asali aliapa hatashinda tena kwa mgeni, awe wake au wa mtu mwingine. Jumamosi ile alicheza farasi na kusubiri. Baba akanyamaza. Hakushtuka, kwa sababu alimzoea.

"Nikajua Mgogo kapata mgeni," akasema. "Nilikuwa nacheka peke yangu hapa, mwanangu, kwenye kiti hiki. Nikawa namwambia, msalimie vizuri, usimharakishe mtu wa watu. Saa yake ilipokaribia kuisha nikaona nikiiacha nitamla kwa mgeni tena. Nikajitoa mimi."

Alisema mengine, kwamba laiti angepiga simu mapema, kwamba angemwambia jirani aende kuchungulia. Nikamwambia daktari alisema ilikuwa ghafla, hakuna ambaye angemuwahi. Akasema anajua alichosema daktari. Hasira niliyotoka nayo Dodoma sikuiona tena, na sikuwa na kitu kingine cha kuweka mahali pake. Tulikaa na ubao kati yetu na wote wawili tukalia. Aliniuliza kama nitawaambia watu. Nikasema mchezo umeandikwa kwamba baba ameshinda, na mimi si mtu wa kufuta.

Nilipokuwa nakusanya kete kuzirudisha kwenye boksi, akasema, "Nilikaa na simu mkononi. Nilijua atapiga aniambie ni nani. Ikalia, nikaona jina lake."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Jioni ile nilikuwa nimesimama ukumbini na simu ya baba, najaribu kupanga maneno, nikiwaza nianzeje kwa mzee kama yule. Simu ilipokelewa kabla haijalia mara ya pili. Kabla sijafungua mdomo nilisikia sauti yake, imejaa kicheko, inauliza, "Haya, nani kaja?" Nililia tu, naye akarudia swali.